Nimeombwa, Sikutoa

Buigiri, 9 Januari 1913

Kwa kaka yangu Nikodemo,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Emilia, na kile kikohozi chake kiwe kimemwachia. Sisi huku miili haiumwi, ila hakuna anayetembea akiangalia chini. Mvua ya kupandia ilinyesha siku mbili mwezi uliopita, uwele ukaota, kisha mbingu zikafunga. Majani yamejikunja. Ng'ombe wetu watatu wamekufa na yule mwekundu wa marehemu mama hasimami tena bila kuinuliwa.

Nakuandikia kwa jambo la baba. Wiki iliyopita wazee walimletea kondoo mweusi ili aombe mvua, kama wanavyofanya kila mwaka wa ukame. Wewe na mimi tumebatizwa, hatuendi kule kilimani, kwa hiyo nilibaki nyumbani natwanga. Baba akaenda na mawe yake, akaomba, akarudi. Mvua haikuja. Siku ya tano akaja akida na askari wawili. Waliingia ndani ya tembe, wakayatoa mawe ya mvua ya babu, wakayatia kwenye gunia kama viazi. Akida akasema baba anatakiwa bomani tarehe tatu mwezi ujao, akajibu shauri. Nilipouliza ni shauri gani, akanijibu kwamba wanawake watalisikia likishakwisha.

Baba alingoja waondoke. Kisha akaniomba maji ya kunywa, akaniambia, "Usilie. Nikifika, nitamkuta mwanangu kasimama mlangoni."

Ndivyo anavyoamini. Anawaambia majirani kwamba boma lina masikio mawili, na moja ni la kwake. Kaka, wewe ndiye karani na ndiye mkalimani pale. Sijui sheria za Wajerumani. Niambie anashitakiwa nini, na aseme nini.

Watoto ninaowafundisha kusoma wanakusalimu. Wanakujua kwa hadithi zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Raheli


Dodoma, 17 Januari 1913

Mdogo wangu Raheli,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa Mwanamvua muuza chumvi. Kikohozi cha wifi yako kimepungua, anakunywa maziwa sasa, anakusalimu sana. Mimi ni mzima, isipokuwa macho yanauma kwa kuandika mchana kutwa. Tangu reli ifike mashauri yamekuwa mengi kuliko nzige.

Nimeyatazama mashitaka ya baba. Akida ameandika kwamba Mzee Ndahani anaizuia mvua ili watu wateseke na kuichukia serikali. Ndiyo yote. Nilipoyasoma nilikaribia kucheka pale pale mezani.

Unakumbuka Mwalimu Sostenes alivyotuchezesha pale barazani? Alituambia: kila ng'ombe wa Chiloleti ni mweusi, ng'ombe huyu ni mweusi, ni wa nani? Darasa zima likapiga kelele kwamba ni wa Chiloleti. Mimi nikasema hatujui, weusi wako wengi. Akanipa kalamu yake. Basi shauri hili ni jepesi kuliko lile. Mtu hawezi kunyima asichokuwa nacho. Baba atasema mvua si mali yake, kwamba anaomba tu kama wenzake wanavyoomba kanisani, na mimi nitaligeuza neno hilo kwa Kiswahili mbele ya Bwana Shauri, yule Mjerumani mkuu wa boma. Neno hilo likishasemwa, shitaka halina pa kusimama.

Baba asihangaike kujifunza la kusema. Aseme kweli, kwa Kigogo, polepole. Usije naye. Wanawake wakilia nje ya boma Bwana Shauri hukasirika.

Nina habari nyingine ya kukufurahisha, ingawa bado haijaiva. Huyu akida anahamishwa. Bwana Shauri anatafuta mtu wa huku huku, anayejua kusoma na anayejua Kigogo, na mara mbili ameniuliza umri wangu.

Msalimie baba. Mwambie nitakuwa mlangoni.

Kaka yako,
Nikodemo


Buigiri, 14 Februari 1913

Kaka Nikodemo,

Shikamoo. Hali zetu si njema. Nakuuliza yako kwa adabu, lakini akili yangu haipo kwenye salamu.

Baba aliondoka hapa tarehe mosi na wazee wawili. Wazee wamerudi peke yao. Hawajui Kiswahili, hawakuelewa lililosemwa. Wanasema baba alizungumza kidogo, wewe ukazungumza, Bwana Shauri akazungumza sana, kisha askari wakamfunga baba mnyororo wa shingo. Wanasema ulikuwa umesimama karibu na meza na hukuwatazama.

Siku ya tatu baada ya hayo mvua ilinyesha hapa. Watu wanapanda upya, nami nimekaa ndani.

Siku kumi na moja zimepita. Mbona hukuandika?

Mdogo wako,
Raheli


Dodoma, 25 Februari 1913

Mdogo wangu Raheli,

Natumaini u mzima, na kwamba mvua imewapa nafuu. Wifi yako ni mzima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilinizidi.

Hukumu ndiyo hii, nimeinakili kutoka daftari ili usisikie ya mitaani. Kwanza: Mzee Ndahani amewadanganya watu kwa kujidai ana uwezo juu ya mvua, uwezo ambao hana wala binadamu yeyote hana, na amekula kondoo wao kwa udanganyifu huo. Pili: kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kwamba ameinyima nchi mvua, na kwa kufanya hivyo amekusudia watu waichukie serikali. Viboko kumi na tano, na miezi sita ya mnyororo kwenye kazi ya barabara.

Najua utalia. Lakini nisikilize kama mtu mzima. Mkalimani ni mdomo tu, si mwenye maneno. Nisingekuwa mimi, angekuwa mwingine, na huenda angekuwa mbaya zaidi. Bwana Shauri ni mtu aliyesoma miaka mingi kwao. Hukumu yake haiwezi kuwa ya kijinga. Majumbe wote waliokuwepo walitikisa vichwa kukubali, na watu kumi na wawili hawawezi kukosea pamoja. Halafu kuna hili ambalo hata mimi lilinishtua: siku ya tatu tu baada ya kufungwa, mvua ikanyesha. Utasemaje hapo?

Tena tunaishi katika nyakati ambazo mtu yuko upande wa boma au yuko upande wa wale wa vita vya maji vya kusini. Upande wa tatu haupo. Unajua wale walivyoishia.

Miezi sita si mingi. Nitajaribu apewe kazi nyepesi.

Kaka yako,
Nikodemo


Buigiri, 12 Machi 1913

Kaka Nikodemo,

Shikamoo. Wifi Emilia nampa pole kwa kukaa nyumba moja na barua kama ile.

Nimeisoma hukumu mara nyingi. Nimewasomea wazee, nimejisomea peke yangu, mwisho nikaisoma kwa sauti ya Mwalimu Sostenes ili nione kama itasimama. Haisimami. Neno la kwanza linasema baba hana uwezo wowote juu ya mvua. Neno la pili linasema ameizuia. Kama hana uwezo, amezuia nini? Na kama alizuia kweli, basi uwezo anao, na wale waliompa kondoo hakuwadanganya. Wachague moja wamwadhibu kwa hilo. Hawawezi kumpiga viboko vya mwongo na kumfunga mnyororo wa mtu mwenye mvua. Wewe ndiye uliyeniandikia, kwa mkono wako, kwamba mtu hawezi kunyima asichokuwa nacho. Barua hiyo ninayo.

Unaniuliza nitasemaje kuhusu mvua ya siku ya tatu. Ilinyesha na Mvumi siku hiyo hiyo, na Mpwapwa siku moja kabla. Huko nani alifungwa? Siku ile ile ya tatu nilifua nguo yangu ya kanisani. Wakinifunga mimi kwa kuleta mvua utawaandikia daftari?

Na kuhusu vichwa vya majumbe, kaka, jikumbuke mwenyewe. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja ulipopingana na darasa zima kwa ajili ya ng'ombe mmoja mweusi.

Hayo yote ningeyavumilia, ningesema ni ujinga wa wenye nguvu, haukuanza leo. Lakini jana alikuja Mwanamvua. Unajua babu zake walikuja na misafara na yeye kazaliwa huku. Kigogo chake ni kama chetu. Siku ile alikuwa barazani kwa shauri lake la punda. Alikaa hatua nne kutoka kwako na akasikia lugha zote mbili. Aliniomba nifunge mlango kwanza, kisha akaniambia.

Baba alisema hivi kwa Kigogo: mvua ina mwenyewe, mimi naomba tu, mwaka huu nimeomba, sikupewa, na ng'ombe wangu wanakufa kama wa wenzangu. Anasema wewe ulijifuta uso, ukamgeukia Bwana Shauri ukasema kwa Kiswahili: "Anasema: mvua ni yangu. Mwaka huu nimeombwa, sikutoa."

Nilimwambia amesikia vibaya. Akasema alitamani iwe hivyo.

Nijibu neno moja tu. Ulisema hivyo au hukusema?

Nimeambatanisha barua ya kumwomba Bwana Shauri aitazame hukumu tena. Nimemwonyesha, kwa heshima, kwamba maneno yake mawili hayawezi kukaa pamoja. Sikutaja tafsiri. Hilo nimekuachia wewe ulitengeneze mwenyewe, kabla baba hajavunjika. Ipeleke. Imebaki miezi mitano.

Raheli


Dodoma, 2 Juni 1913

Mdogo wangu Raheli,

Naomba Mungu barua hii ikukute salama. Wifi yako amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wazima. Tumemwita Dorkasi, kama marehemu mama alivyobatizwa siku ya mwisho wake.

Nimeanza kukuandikia mara nyingi na kuchana. Leo nimeamua sitachana.

Nilisema. Mwanamvua alisikia sawasawa.

Sikupanga. Siku ile asubuhi niliingia na neno la baba likiwa tayari kichwani, kama nilivyokuahidi. Kabla baba hajaitwa, akida akamwinamia Bwana Shauri akamnong'oneza. Bwana Shauri akanitazama, akaniuliza mbele ya wote kama yule mzee ni baba yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Vizuri. Leo nitajua una baba mmoja au wawili."

Raheli, hukuwepo. Kila mtu aliamini nitapindisha maneno kumsaidia. Baba alipomaliza kusema nikaona wazi: nikiligeuza neno lake kama lilivyo, litamsafisha, na kwa sababu litamsafisha, watasema nimelitunga. Njia ya kuonyesha kwamba sipindishi upande wake ilikuwa kupindisha upande wa pili. Nilitaka nionekane mkweli. Neno lenyewe likatoka kabla sijalipima. Baba hakuelewa kitu. Alikuwa ananitazama tu, ametulia, na nilipomaliza akanitikisia kichwa kama mtu anayeshukuru. Nakuambia hili kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Ile barua yako sikuipeleka. Bwana Shauri angeuliza kukiri kumetoka wapi, na angeuliza aliyetafsiri ni nani. Nimeichoma. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana.

Mimi bado nasema nilitenda haki kadiri ilivyowezekana, kwa sababu nisingefanya vile tungeangamia wote, na wewe pia.

Tangu mwezi Aprili mimi ndiye akida. Sikuomba. Nimewaambia watu wa barabarani wampe baba kazi ya kuchota maji, lakini msimamizi ni mtu wa mbali, sijui kama ametii. Nimesikia ana maumivu ya bega.

Nakuomba kitu kimoja. Atakaporudi, usimwambie. Yeye anajua nilimtetea. Mwache nalo. Ukweli hautamrudishia miezi sita.

Kaka yako,
Nikodemo


Buigiri, 10 Agosti 1913

Kwa akida Nikodemo,

Nashukuru kwa habari za mtoto. Mungu amkuze.

Baba amerudi tarehe saba. Alitembea kutoka barabara kuu siku tatu. Hakuchota maji, alibeba mawe. Mkono wa kulia haupandi juu ya kifua, namlisha uji mimi. Shingoni ana alama pande zote kama amevaa ushanga. Watu wamekuja kumpa pole, na kila anayekuja anamsimulia jambo moja: kwamba mwanawe alisimama mbele ya Mzungu akamsemea maneno marefu, na bila wewe wangemnyonga.

Nimesikiliza hayo siku tatu. Nimekaa hapo hapo, nimeshika kibuyu cha uji.

Uliandika kwamba ulitenda haki, na papo hapo ukaandika kwamba ulilazimika. Aliyetenda haki hahitaji kulazimika, na aliyelazimika asiseme ilikuwa haki. Chagua moja. Lakini sitaki tena kubishana nawe. Nilikuwa nabishana kwa sababu nilidhani umekosea hesabu, na mtu aliyekosea hesabu huonyeshwa. Wewe hukukosea. Ulijua.

Jana baba aliniomba nimwandikie barua kwako. Nimeiandika chini kama alivyosema, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Nimemsomea mara mbili kwa Kigogo akasema ndivyo.

"Mwanangu. Nimefika nyumbani. Nimeambiwa nina mjukuu anayeitwa kwa jina la mama yako, nimefurahi. Nakushukuru kwa kusimama nami siku ile. Ulizungumza kwa muda mrefu, nami ningependa kuyasikia uliyoyasema, kutoka kinywani mwako, katika lugha yetu. Njoo baada ya kupura uwele. Njoo peke yako. Mimi baba yako, Ndahani."

Sikumwambia lolote. Sikukuahidi wewe kwamba sitamwambia; nimejiahidi mwenyewe kwamba nitakuachia nafasi ya kumwambia kabla yangu. Ukija, utakaa naye mkitazamana, na hapatakuwa na mkalimani.

Raheli


Dodoma, 19 Agosti 1913

Raheli,

Salamu. Nimeipokea. Barua ya baba nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa.

Nitakuja katikati ya Septemba. Nitamwambia. Naapa kwa mtoto wangu nitamwambia. Nipe tu siku ya kwanza ya kumtazama.

Nikodemo


Buigiri, 5 Oktoba 1913

Kwa akida Nikodemo,

Barua hii nampa Mwanamvua aiweke mkononi mwako mwenyewe. Nasikia sasa una karani anayekufungulia barua. Hii usimpe.

Ulikuja, ukakaa nasi siku tatu. Sitakusimulia uliyoyaona, ila kuna usiyoyaona, na hayo ni haki yako kuyajua.

Siku ya kwanza nilikupa kama ulivyoomba. Siku ya pili, tulipomaliza kula, baba alikuuliza mbele yangu, taratibu, "Ulisema nini siku ile, mwanangu?" Niliweka chini bakuli la mlenda. Ukatazama mlangoni. Ukasema, "Nilikuombea, baba. Nilimwambia Mzungu wewe ni mzee, akupunguzie." Akauliza, "Ndiyo yote?" Ukasema ndiyo yote. Ukaongeza na jinsi ulivyopiga magoti.

Siku ya tatu akakuuliza tena mkiwa zizini, nilisikia kutoka nyuma ya ukuta. Ukampa hadithi ile ile, ndefu zaidi. Akakupa yule ndama mweupe, ukamshukuru, ukaenda.

Ulipopotea kule chini mtoni, nilikwenda kumwambia. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nikakaa mbele yake nikasema, baba, kuna neno juu ya siku ile ya barazani. Akaniinulia mkono wake wa kushoto ninyamaze. Kisha akanijibu kwa Kiswahili.

Nilidhani nimesikia vibaya. Aliendelea. Ni Kiswahili cha zamani, cha watu wa misafara, kuna maneno ambayo mimi ninayefundisha siyajui, lakini kimenyooka kuliko changu. Alinisimulia baraza lote. Kunong'ona kwa akida, swali la Bwana Shauri kuhusu baba wawili, jibu lake yeye kwa Kigogo, na jibu lako. Hakukosea hata neno.

Anasema alipokuwa kijana, misafara ilipokuwa ikisimama hapa kulipa hongo, ule ushuru wa maji, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake. Miaka minane alisimama kati ya babu na wageni akigeuza maneno. Wajerumani walipochoma matembe ya kwao, aliamua hatasema tena lugha aliyowakaribishia wageni, na hakuisema tangu kabla hujazaliwa. Mimi na wewe, tuliosifiwa na mwalimu wetu kwa akili, tumeishi na mtu huyo maisha yetu yote. Tuliona hasemi, tukasema hajui. Kosa hilo ni letu sote wawili. Nimelifikiri sana, na sijapata wa kumlaumu isipokuwa mimi mwenyewe.

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema pale pale kwamba mkalimani anadanganya. Alinitazama kama namwuliza swali la mtoto.

"Wangemfunga mkalimani," alisema.

Na kule kutikisa kichwa ulikoniandikia kwamba ni kushukuru, alikuwa anakuambia uendelee, usisite, maana ukisita wangekugundua. Zile shukrani zote za mwezi wa nane, na ile barua, na maswali ya siku mbili, alikuwa anakufungulia mlango ili uingie mwenyewe. Anasema viboko aliviweza na mawe aliyaweza. Alipofika hapo akaanza kusugua bega lake, nami sikumwuliza kilichomshinda.

Nilikuwa nimejiandaa kumfariji. Nilikuwa na maneno tayari. Badala yake nililia mimi, na yeye, kwa mkono mmoja, akaniletea maji.

Jana nilimwuliza kama atakulaani. Akasema hapana, una mtoto mdogo. Nikamwuliza nikuandikie nini basi. Alifikiri mpaka moto ukafifia, akasema, "Mwandikie kwamba nilisikia."

Nimeandika.

Ndama mweupe alikupa kwa ajili ya Dorkasi, si kwa ajili yako. Mwekee. Mtoto akikua na akitaka kumjua babu yake, nyumba iko wazi kwake na kwa mama yake, siku yoyote.

Leo Mwanamvua alipofika na mzigo wake, baba alitoka mlangoni akamwamkia kwa Kiswahili. Yule mama aliangusha kibaba chake na chumvi ikamwagika yote kwenye vumbi. Sasa wamekaa hapo nje, wanaiokota chembe kwa chembe, baba anamwuliza habari za watu wa misafara aliowajua, nani yu hai na nani kafa, na watoto wao wanaishi wapi. Nawasikia ninapoandika. Jina lako halijatajwa.

Raheli binti Ndahani